Amana ya Damu

Katika Majengo ya Pumwani, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, mwendo mfupi kutoka soko la Gikomba, wanawake wengi kwa muda wa miaka mingi walikwenda zahanati, wakaketi kwenye benchi, wakaitwa mmoja mmoja, wakanyoosha mkono. Damu kidogo ilitolewa, ikatiwa katika kichupa, na kichupa kikaandikwa namba. Mwanamke akatibiwa maradhi yaliyomleta, akarudi nyumbani kwake kupika. Damu ikashika njia yake nyingine. Nataka kuuliza katika insha hii swali moja juu ya damu ile: ilipokwisha kutoka mkononi, ilikuwa ya nani?

Swali hili lafanana na mzaha. Hatumwulizi kinyozi nywele zetu amezitupa wapi, na mtu atokwaye na damu puani huifuta asiikumbuke tena. Lakini siku hizi damu ya mtu mmoja yaweza kugeuzwa dawa ya maelfu ya watu, na dawa hiyo ikawa mali ya mtu wa tatu ambaye hakumjua mtoaji wala hamjui mgonjwa. Jambo likifika hapo si mzaha tena, na kijana asomaye elimu ya viumbe shuleni atafanya vema kulifikiri mapema, maana huenda siku moja kichupa kile kikawa mkononi mwake.

Kwanza tuone jinsi damu inavyokuwa dawa. Mwili ukivamiwa na kirusi au kijidudu kingine cha maradhi, huunda silaha nyingi, na mojawapo ni kingamwili. Hizi ni vitu vidogo mno viogeleavyo katika damu, na kila moja imeumbwa kumshika adui wake mmoja, kama ufunguo na kufuli lake. Ikimshika humzuia asiingie katika chembe za mwili, au humtia alama ili auawe na wengine. Watu wengi huunda kingamwili dhaifu, au huziunda wakiwa wamekwisha chelewa. Wachache huunda zilizo bora, na mara nyingi wachache hao ndio wanaonusurika.

Wataalamu waliijua siri hii zamani. Mwaka 1890 Emil von Behring, Mjerumani, na Kitasato Shibasaburo, Mjapani, walionyesha kuwa maji ya damu ya mnyama aliyekwisha pata kinga yaweza kumkinga mwingine. Kwa miaka mingi baadaye farasi walitolewa damu ili watoto wapone dondakoo, na waliojeruhiwa waepuke pepopunda. Dawa ile iliokoa wengi, ingawa miili ya wengine iliichukia kwa kuwa ni ya mnyama. Farasi hakudai ujira; lakini yafaa kukumbuka kuwa alipewa banda, nyasi na mtu wa kumsugua.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, waligundua njia ya kupata kingamwili za namna moja tupu, bila kikomo, kutoka chembe za panya. Njia yao haikufungiwa kwa hati ya umilikaji. Kila maabara iliitumia, na mwaka 1984 wakapewa tuzo ya Nobel. Waliofuata baadaye wakapata njia ya kuanzia kwa mtu mwenyewe: huchukua damu ya aliyenusurika, hutafuta ndani yake chembe moja iundayo kingamwili bora, hunakili maagizo yaliyomo katika chembe hiyo, kisha huyatia katika chembe nyingine zinazolimwa ndani ya mapipa makubwa. Tangu hapo mtoaji hahitajiwi tena. Vijiko viwili vya damu yake vimekuwa chemchemi.

Nimelikazia jambo hili la chemchemi kwa sababu ndilo linalobadilisha hukumu. Ukinipa embe nikalila, nakushukuru, mambo yamekwisha. Ukinipa embe nikaipanda kokwa yake, na miti mia ikasimama katika shamba langu, na watoto wako wakapita nje ya ua wangu na njaa, kila mtu atasema kuna neno limebaki kati yangu na wewe, hata kama hatukuandikiana mkataba.

Sasa turudi Majengo. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzo wa miaka ya 1920 iwe mahali pa Waafrika kukaa katika mji ambao haukuwataka ila kwa kazi. Wanaume walikuja bila wake zao, kwa kuwa mishahara na vyumba havikutosha jamaa. Katika hali hiyo wanawake wengine walipata riziki kwa kuwapikia, kuwapa malazi, na kuuza miili yao, na si wachache waliojenga nyumba kwa fedha hizo wakawa wenye nyumba. Jina ambalo mji uliwapa sina haja ya kuliandika. Mji uliowaita jina hilo ndio uliowahitaji.

Katika miaka ya 1980 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa katika mtaa huo. Mwaka 1985 walipoipima damu kutafuta kirusi cha UKIMWI, walikuta kiasi cha theluthi mbili ya wanawake waliopimwa wanacho. Habari ile ilikuwa msiba. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuwa mwalimu wa wauguzi, aliwakusanya wanawake katika baraza, akawaeleza ukweli, akawafundisha matumizi ya mipira ya kinga, na kuwahimiza wasaidiane. Daktari Frank Plummer na wenzake wakaendelea kuwapima waliobaki wazima. Miaka ilipopita wakaona ajabu: wanawake wachache, waliokutana na hatari ile mara nyingi kupita kadiri ya kubahatika, hawakuambukizwa.

Tangu hapo Majengo ikajulikana duniani. Katika wanawake hao walionekana kuwa na chembe ziuazo chembe zilizoingiwa na kirusi, na wengine wakaonekana kuwa na kingamwili dhidi yake, mahali pale kinapopitia kuingia mwilini. Wataalamu wa Oxford na wa Nairobi wakatumia elimu hiyo kutengeneza chanjo. Mwaka 2000 ikajulikana kuwa upande wa Uingereza umeombea chanjo hati ya umilikaji bila ya majina ya Wakenya, na pakazuka ugomvi mkali, uliosuluhishwa baadaye. Mwaka 2001 chanjo ilianza kujaribiwa Nairobi, na mwaka 2004 ikatangazwa kuwa haikuamsha kinga ya kutosha. Waligombea shamba lisilozaa. Lakini ugomvi wenyewe una funzo: ulikuwa kati ya wasomi na wasomi. Wenye damu hawakuketi upande wowote wa meza.

Mtu aweza kusema: basi kama chanjo haikufaa, deni liko wapi? Hakuna faida, hakuna cha kugawana. Kwa hiyo inatupasa kuondoka Majengo kidogo na kuitazama damu nyingine, ambayo ilifaulu.

Mwaka 1995 Ebola iliingia mji wa Kikwit, katika Kongo. Watu 315 waliugua, na zaidi ya robo tatu yao wakafa. Daktari Jean-Jacques Muyembe, Mkongo, pamoja na wenzake, waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba kati yao wakaishi. Wakubwa wa elimu katika nchi nyingine walitilia shaka ushahidi huo, kwa kuwa hapakuwa na wagonjwa wa kulinganishwa nao. Miaka kumi na mmoja baadaye, mmoja wa walionusurika Kikwit alitoa damu tena, na kutoka kwake wataalamu wa Kongo, Marekani na Uswisi wakapata kingamwili moja iliyopewa jina la mAb114. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, kingamwili hiyo ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine tatu, Beni na Butembo na kwingineko, ambako mgonjwa na muuguzi huulizana hali kwa Kiswahili. Matokeo yalitangazwa Agosti 2019. Katika waliopewa mAb114, waliokufa walikuwa kama 35 katika kila 100. Dawa nyingine ya kingamwili ilifanya vivyo hivyo. Na katika mbili zilizobaki walikufa kama nusu. Waliokuja mapema, kirusi kikiwa bado kichache mwilini, walikufa kama mmoja tu katika kumi.

Hiyo ni habari ya furaha, nami siitaji ili kuitia doa. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo umekuwa ugonjwa wa kutibika, na mlango ulifunguliwa na damu ya Mwafrika na akili ya Mwafrika, pamoja na maabara za ng'ambo. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 2020. Lakini mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walieleza kuwa tangu dawa hizo mbili za kingamwili zilipoidhinishwa, ni kiasi cha theluthi moja tu ya wagonjwa wa Ebola waliozipata, na kwamba karibu akiba yote ilikuwa imehifadhiwa katika ghala za Marekani kwa ajili ya usalama wa nchi hiyo. Kokwa imekuwa shamba, na ua umejengwa.

Watu hujibu swali letu kwa njia mbili. Wa kwanza husema damu ile ilikuwa zawadi. Mtoaji aliulizwa, akakubali, akatia sahihi au dole gumba; zawadi ikitolewa haidaiwi. Tena, wasema, mtoaji hakutoka jasho. Kingamwili zilijiunda ndani yake akiwa amelala na homa. Jasho ni la aliyekesha maabara. Katika maneno haya mna ukweli. Lakini jasho si asili pekee ya haki. Mtoto hurithi shamba ambalo hakulilima, na sheria za mataifa yote humlinda. Tena tusiseme kuwa mtu aliyelala na Ebola hakufanya kazi. Na yule aliyetia dole gumba, je, alijua kuwa anatoa chemchemi, au alidhani anatoa vijiko viwili?

Wa pili husema, basi na alipwe: damu ni bidhaa, ipewe bei. Maneno haya yana sauti ya haki, na kijana mwenye moyo wa huruma huyapenda. Mimi nayaogopa. Fikiri juu ya Majengo. Mwanamke amekuwa akiuza mwili wake kwa bei ya mkate kwa sababu nyumbani hakuna mkate. Daktari akija na mfuko wa fedha kununua damu yake, ametofautianaje na wale wengine waliosimama mlangoni? Amekuwa mnunuzi mmoja zaidi katika foleni. Mwenye njaa hawezi kukataa bei, na asiyeweza kukataa hajakubali. Isitoshe, bei hufunga hesabu. Aliyelipa husema, "Nimekwisha kulipa," akaenda zake, na shamba lote likawa lake kwa thamani ya embe moja.

Mimi naona lugha yetu ina neno linalofaa kuliko yote mawili, nalo ni amana. Jirani akisafiri akakuachia mbegu zake uzipande, hakukupa, wala hakukuuzia. Amekuamini. Waweza kuzitumia, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Waweza kula katika mavuno, kwa kuwa umelima. Waweza hata kupata hasara, mvua isiponyesha, naye asikulaumu. Usiloweza ni kumfungia mlango akirudi. Zawadi humalizika ikipokewa, bidhaa humalizika ikilipwa, lakini amana haimaliziki maadamu kitu kipo. Na kitu hiki, kama tulivyoona, chaweza kuwapo milele.

Kwa hesabu hii madaktari wa Majengo hawakuwa wezi. Waliwatibu wanawake wale bila ya malipo miaka mingi, na waliwafunza kujikinga, jambo lililookoa maisha ya wengi kuliko chanjo yoyote iliyotoka humo. Lawama yangu yaelekea mbali zaidi ya zahanati. Mwaka 1996 ilithibitika katika nchi tajiri kuwa mchanganyiko wa dawa waweza kumzuia mwenye kirusi cha UKIMWI asife. Kenya ilianza kuzitoa bure katika hospitali za serikali mwaka 2006. Hesabu ni miaka kumi. Katika miaka hiyo elimu iliyosomwa kutoka damu ya Majengo ilipanda ndege na kuhutubiwa katika mikutano mikubwa, ilhali kutoka Kaloleni hadi Dandora majeneza yalikuwa yakitengenezwa usiku na mchana. Mwenye amana yuko nje ya ua.

Kuna na jambo jingine, ambalo kwangu ni zito kuliko fedha, nami silioni likisemwa mara nyingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa miongoni mwa wale wanawake wachache wasioambukizwa, baadhi waliambukizwa baadaye, na walioelekea zaidi kupatwa ni wale waliopunguza biashara ile au kuiacha kwa muda, kisha wakairudia. Maana yake ni kuwa huenda kinga yao ililishwa na hatari yenyewe: mwili ulikumbuka adui kwa kuwa ulimwona kila siku. Tazama sasa mahali elimu ilipomfikisha mwanadamu. Lililo jema kwa mwanamke ni kuacha. Linalotunza ajabu aliyo nayo, ambayo dunia nzima inaitaka, ni kuendelea. Siamini kuwa kuna daktari aliyemshauri aendelee. Profesa Ngugi na wenziwe walijitahidi wanawake wapate njia nyingine za riziki. Lakini mtu akishaitwa hazina, watu huanza kutaka hazina ikae ilipo. Anayeshika amana hana budi kumtakia mwenye amana mema, hata kama mema hayo yatamharibia uchunguzi.

Naujua ubishi utakaoletwa: viwanda vya dawa ni ghali, na bila ya faida hakuna atakayejenga pipa hata moja. Ni kweli, na ndiyo maana nimesema mkulima ale katika mavuno. Milstein na mwenzake hawakupiga kufuli, na dunia haikuacha kutengeneza dawa. Wengine walitajirika juu ya njia yao. Faida ni jambo moja, na ua ni jambo jingine. Hata hivyo nakiri kuwa sijui kamba ipitishwe wapi hasa kati ya hayo mawili, na sidhani kama insha ya shule yaweza kuipitisha.

Kutoka Majengo kwenda mjini utapita Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps lililokaa katika kinywa cha Kiswahili. Ni jina la Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko risasi, na mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Walibeba, wakaandikwa namba, na kilichobaki ni jina la mtaa. Simo katika wanaosema historia hurudia. Ninachosema ni kuwa njia ya kwenda zahanati hupita hapo.

Tuseme mwanamke mmoja katika wale, sasa bibi mwenye wajukuu, anatoka nyumbani kwa mkongojo wake na kuingia zahanati. Anauliza damu aliyotoa zamani iko wapi. Karani aweza kumcheka, au kumwambia mambo hayo ni ya wataalamu. Aweza pia kumvutia kiti, kufungua daftari, na kumweleza: namba yako ni hii, damu yako ilitufunza jambo fulani, chanjo iliyotafutwa humo haikufaa, wengine bado wanatafuta kingamwili za kuukinga ugonjwa huu, na mwaka 2009 zilipatikana mbili zenye nguvu katika damu ya Mwafrika mmoja, lakini dawa iliyo kamili haijatoka bado.

Huenda bibi asielewe nusu ya maneno hayo. Atanyamaza kidogo, kisha atauliza kama itakapotoka, mjukuu wake ataipata hapa hapa Majengo, na kwa kiasi gani. Nadhani hapo karani atasimama, aende kumwita mkubwa wake.